Uzi: Mwanga wa kioo cha OLED unaishia wapi, na elektroni zinakwama wapi? (Watu wa Mtwara na Lindi tukutane hapa)

FundiWaChikongola (mleta mada)

Wakuu, habari za Kusini.

Msimu wa korosho umeanza na mezani kwangu lalamiko ni lilelile. Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kasimama nje ya ghala saa saba mchana, anataka kusoma bei ya mnada kwenye simu, haoni kitu. Anakuja: "Fundi, niliambiwa hiki ni kioo cha OLED, kioo cha maana, mbona juani kinanitia aibu? Kiongeze mwanga basi."

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, acha niandike hapa. Mwanga unazalishwa wa kutosha, ila mwingi haukufikii machoni, unafia humohumo ndani ya kioo. Ukichimba zaidi unakuta elektroni nazo zinakwama mlangoni kabla hata mwanga haujazaliwa. Wengi wanayachukulia haya kama matatizo mawili. Mimi nasema ni tatizo moja, na nitaonyesha nikifika huko chini.

Kwanza tujue kilivyojengwa. OLED ni matabaka membamba ya kemikali za kaboni yaliyobanwa kati ya kathodi (ncha hasi) na anodi (ncha chanya). Anodi ya kawaida ni oksidi ya indiamu na bati, inapitisha umeme na bado unaona ng'ambo yake. Kathodi ni metali. Kathodi inaingiza elektroni, anodi inaingiza matundu, yaani nafasi zenye chaji chanya. Vikikutana katikati molekuli inasisimka, na ikitulia inatoa fotoni, yaani chembe ya mwanga. Tofauti na LCD, ile aina nyingine ya kioo cha simu, hakuna taa nyuma yake. Kila nukta inawaka yenyewe.

Waliofungua njia ni Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak kule Rochester, Marekani, mwaka 1987. Waliweka matabaka mawili tu na kathodi ya magnesiamu iliyochanganywa na fedha, wakapata mwangaza wa zaidi ya kandela 1,000 kwa kila mita ya mraba kwa volti zisizofika 10. Ufanisi wake ulikuwa kama fotoni moja nje kwa kila elektroni 100 zilizoingia. Kazi yote iliyofuata imekuwa kuzitafuta zile 99.

Naendelea, kuna mteja hapa.

Mkanaledi_Stendi

Nimevuta kiti. Lete vitu mkuu.

KoroshoGhafi

Fundi usituzungushe. Kwa nini wasiongeze umeme tu? Simu yangu, betri yangu.

FundiWaChikongola

KoroshoGhafi, wanaongeza, na ndiyo maana simu ikiona jua kali inapandisha mwanga yenyewe. Lakini haidumu. Ukisukuma mkondo mkubwa, molekuli zilizosisimka zinasongamana na kuzimana zenyewe kwa zenyewe kabla hazijatoa mwanga. Unalipia umeme mara mbili, mwanga hauongezeki mara mbili, na tofauti inageuka joto. Halafu simu iliyoanikwa juani tayari ina joto lake, kwa hiyo programu inaona hatari na kushusha mwanga. Umeshaliona hilo: mwanga unapanda, baada ya muda unashuka wenyewe hata hujagusa kitu.

Na kila ukikikamua kioo, kinazeeka haraka. Buluu ndiyo inayotangulia. Dondoshea tone dogo sana la maji juu ya kioo cheupe kilichowaka, tazama ndani ya tone: utaona vinukta vya rangi. Kwenye simu nyingi kile cha buluu ni kikubwa kuliko cha kijani. Wamekipa eneo kubwa ili kila sehemu yake ifanye kazi nyepesi, kiishi zaidi.

Sasa turudi kwenye fotoni zilizonaswa. Aliyewahi kuzamia pale Shangani na miwani ya maji ataelewa haraka. Ukiwa chini ukatazama juu wima, unaona mbingu. Peleka macho pembeni kidogo kidogo, kuna mahali uso wa maji unageuka kioo cha kujitazamia, huoni tena mbingu, unaona mchanga wa chini. Mwanga uliotoka chini umegonga mpaka wa maji na hewa kwa mlalo, umerudishwa wote. Kwa maji, mpaka huo ni kama nyuzi 48.6 kutoka wima.

Kemikali za OLED zinapinda mwanga kuliko maji. Maji yana kipimo cha kupinda mwanga cha 1.33, kioo cha kawaida 1.5, kemikali hizi 1.7 hadi 1.8. Kwa 1.7, mwanga uliozidi nyuzi 36 kutoka wima hautoki. Na molekuli haijui macho yako yako upande gani, inamwaga fotoni kila upande. Hesabu ya haraka ni moja gawanya kwa mbili mara kipimo hicho kipeo cha pili. Kwa 1.7 unapata asilimia 17 hivi. Ndiyo maana vitabu vinasema kioo ambacho hakijafanyiwa ujanja wowote kinatoa kama moja ya tano ya mwanga wake. Zilizobaki, fotoni nne kati ya tano, zinanaswa.

Mwl_Fizikia_Masasi

Mleta mada, mada nzuri, ila usiwaachie watu picha kwamba fotoni zote zilizonaswa zimekaa mahali pamoja. Zimegawanyika, na kila kundi lina dawa yake.

Kundi la kwanza limefika hadi kwenye kioo cha nje, limeshindwa kutoka kwenda hewani. Linakimbia ndani ya kioo mpaka pembeni. Hili ni rahisi kuliokoa, unauharibu tu ule ulaini wa uso wa nje. Möller na Forrest walibandika vilenzi vidogo juu ya kioo mwaka 2002, mwanga uliotoka ukaongezeka mara moja na nusu, bila kugusa umeme wala kemikali.

Kundi la pili halikufika hata kwenye kioo. Limebanwa kwenye tabaka la kemikali na anodi, kwa sababu vyote viwili vinapinda mwanga kuliko kioo. Hapa vilenzi vya nje havisaidii, kwa kuwa mwanga haujavifikia. Dawa ni kutumia kioo chenye kipimo kinacholingana na kemikali. Timu ya Dresden, Ujerumani, ilifanya hivyo mwaka 2009, ikachonga na uso wa nje, ikapata taa nyeupe ya lumeni 90 kwa wati. Tubu laiti za kawaida ziko 60 hadi 70. Lakini kioo cha namna hiyo ni ghali.

Kundi la tatu ndilo baya. Molekuli ikiwa karibu na kathodi, nishati yake inarukia kwenye metali na kuwa wimbi la elektroni linalotambaa juu ya uso wa metali, halafu joto. Hapo fotoni haikunaswa, haikuzaliwa kabisa.

FundiWaChikongola

Shikamoo mwalimu. Hilo kundi la tatu ndilo nililokuwa nalisogelea. Naomba niingize elektroni kwanza, nirudi kwako.

Mwl_Fizikia_Masasi

Marahaba. Endelea.

FundiWaChikongola

Kathodi rahisi kuliko zote ni alumini. Bei yake nafuu, inatulia, inaakisi vizuri. Tatizo lake ni kwamba inaing'ang'ania elektroni. Kuing'oa kwenye alumini kunataka nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya elektroni moja) 4.3 hivi. Kemikali ile ya Kodak, Alq3, inaipokea elektroni kwenye ngazi ya kama 3.0. Kuna pengo la 1.3 la kupanda.

Joto linaweza kuisaidia? Kwa nyuzi 30 hivi za Mtwara, nishati ya joto ya elektroni ni kama 0.026. Pengo ni mara 50 ya hiyo. Hata ukiianika Desemba juu ya bati haipandi.

Matundu upande wa pili wala hayana shida hiyo, yanaingia kirahisi na kutembea haraka. Kwenye kemikali za awali matundu yalikuwa na kasi ya mara mia au zaidi ya elektroni. Matokeo yake matundu yanafurika, elektroni chache, na tundu lisilopata mwenza linapita moja kwa moja hadi kathodi. Umeme umetumika, mwanga hakuna.

BotiYaMsangamkuu

Kwa hiyo ni kama kivuko chetu maji yakipwa. Chombo kipo, abiria wapo, lakini daraja la kushukia limesimama kama ngazi, pikipiki zinapanda moja moja huku watu wanasukuma. Ukiongeza abiria unaongeza foleni tu.

FundiWaChikongola

Haswa. Njia ni mbili, ushushe kimo cha gati au utengeneze daraja lenye mlalo mzuri. Kushusha gati ni kutafuta metali isiyong'ang'ania: kalsiamu iko kwenye 2.9, magnesiamu 3.7. Kalsiamu inaingiza elektroni vizuri sana, ila ikikutana na unyevu imekwisha. Kodak walichukua magnesiamu wakaichanganya na fedha ili itulie.

BintiMikindani

Niingie kidogo, maana hapa ndipo kemia ilipo na mnaipita mbio.

Mwaka 1997 Hung, Tang na Mason, haohao wa Kodak, waliweka lithiamu floridi kati ya Alq3 na alumini. Hiyo ni chumvi. Haipitishi umeme hata kidogo. Mtu wa umeme ukimwambia "naweka kihami kwenye njia ya elektroni ili zipite vizuri" atakucheka. Lakini waliiweka nyembamba mno, nusu nanomita hadi nanomita moja (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), yaani safu chache tu za atomu. Volti zikashuka, ufanisi ukapanda, alumini ya bei rahisi ikafanya kazi ya metali korofi.

Ukiweka nene kidogo inarudi kuwa kihami na kila kitu kinaharibika. Kwenye tanuri la ombwe wanaipima kwa sehemu ya nanomita huku inaruka kutoka kwenye chungu.

Inavyofanya kazi, kwa maelezo yanayokubalika na wengi: alumini ya moto ikitua juu ya lithiamu floridi mbele ya Alq3, lithiamu kidogo inaachiliwa na kuwapa molekuli za jirani elektroni za bure. Mpakani panakuwa na chaji tayari, pengo linashuka. Siku hizi wanatumia hata Liq, mchanganyiko wa lithiamu na kemikali ya kaboni, wanauweka ndani ya tabaka lenyewe la kubeba elektroni.

Kuna njia nyingine naipenda zaidi. Mwaka 2012 kundi la Bernard Kippelen la Georgia Tech lilionyesha kwamba plastiki yenye makundi ya kemikali ya naitrojeni yanayoitwa amini, plastiki hiyo inaitwa PEIE, ukiipaka nyembamba juu ya karibu kondakta yoyote inapunguza jinsi inavyozing'ang'ania elektroni. Unaipaka ikiwa kimiminika, hewani, bila ombwe. Kwa nchi zisizo na mitambo ya mabilioni hiyo ndiyo ya kuifuatilia, na nashangaa wanafunzi wetu wa kemia wanaotafuta mada za utafiti hawaigusi.

KoroshoGhafi

Dada Mikindani umetisha. Lakini bado karani haoni bei.

FundiWaChikongola

Haya, sasa ile hoja yangu ya tatizo moja.

Mwalimu amesema molekuli ikiwa karibu na metali inaibiwa nishati. Dawa ni kuisogeza mbali, yaani kunenepesha tabaka la elektroni lililo katikati. Pia metali ni kioo cha kuakisi, na fotoni inayokwenda mbele inakutana na mwenzake aliyerudi kutoka kwenye metali. Umbali ukiwa sawa wanasaidiana, ukikosea wanafutana. Kwa kijani umbali mzuri wa kwanza ni karibu na robo ya wimbi ndani ya tabaka, nanomita 70 hivi. Hapo wanasaidiana, ila metali bado iko karibu na inaiba. Umbali mzuri wa pili unazidi nanomita 200, na huko wizi umepungua sana.

Kwa nini basi wasiende 200 moja kwa moja? Elektroni! Kwenye tabaka la aina hii mkondo unapungua kwa unene kipeo cha tatu. Ukinenepesha mara tatu, kwa volti ileile unabaki na mkondo mdogo mara 27. Mwanga umeuokoa kwa mkono mmoja, umeupoteza kwa mwingine.

Hapo ndipo uingizaji wa elektroni unapogeuka kuwa suala la mwanga. Ukilitia tabaka hilo metali ya lithiamu au sizi (caesium) kidogo, elektroni za bure zinakuwepo tayari, unene hauli tena volti. Sasa mhandisi yuko huru kuchagua umbali kwa ajili ya mwanga peke yake. Anayekwambia "mimi nashughulikia utoaji wa mwanga, elektroni si kazi yangu" hajawahi kutengeneza kioo kinachofanya kazi.

Mwl_Fizikia_Masasi

Hapo nakuunga mkono. Niongeze kwamba kwenye simu ni wazi zaidi, kwa sababu mwanga unatoka kupitia kathodi yenyewe, maana chini kuna saketi za kuendesha nukta. Kwa hiyo kathodi inatakiwa iingize elektroni, ipeleke umeme kioo kizima, na iwe nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, nanomita kumi na kitu tu. Magnesiamu na fedha bado wapo kwenye kazi hiyo. Juu yake wanapaka tabaka jingine linalopinda mwanga sana, ambalo halipitishi umeme wowote, kazi yake ni kuusaidia mwanga uvuke ile metali.

Na wanafunzi wangu wasome hili: kuna hasara nyingine kabla ya zote hizi. Elektroni na tundu vikikutana, ni 25 tu kati ya 100 vinavyoweza kutoa mwanga kwa kemikali za kawaida. Baldo, Thompson na Forrest na wenzao walionyesha mwaka 1998 kwamba ukiweka atomu nzito kama platini ndani ya molekuli, 75 zilizobaki nazo zinatumika. Nyekundu na kijani zikafaidika. Buluu ndiyo imebaki nyuma kwa miaka, maana ile yenye ufanisi haiishi.

Mkanaledi_Stendi

Vile vilenzi vya 2002 kwa nini havipo kwenye simu?

FundiWaChikongola

Lenzi kubwa kuliko nukta inaharibu picha, herufi zinavimba na kuingiliana. Kwa taa ya ukutani sawa. LG Display walilitatua kwenye televisheni mwaka 2023 kwa kufanya lenzi ndogo kuliko nukta, maelfu kwa kila nukta, ndani ya kioo chenyewe.

Baadhi ya simu na tableti zimechukua njia nyingine. iPad Pro ya 2024 ina matabaka mawili ya OLED yaliyopandana, mkondo uleule unatoa mwanga mara mbili ukipita. Katikati kuna tabaka linalozalisha elektroni kwa ghorofa moja na matundu kwa nyingine. Yaani tumerudi kwenye uingizaji.

KoroshoGhafi, karani wako ndiye huyu anafuata. Jua la saa sita ni kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Uso unaosambaza asilimia 4 tu ya hilo unakurushia zaidi ya kandela 1,200 kwa mita ya mraba. Kioo kinapigana na hiyo. Na ndani kuna metali inayong'aa, ingerudisha jua lote usoni kwako, kwa hiyo wanabandika polaraiza, kichujio cha mwanga cha kuizuia. Polaraiza hiyo nayo inakula zaidi ya nusu ya mwanga wa kioo chenyewe! Mwaka 2021 Samsung waliitoa kwenye Galaxy Z Fold3, wakaweka vichujio vya rangi badala yake, wakasema matumizi ya umeme yamepungua kwa hadi asilimia 25. Ukiniuliza mimi, kwa mtu anayefanya kazi juani hiyo ni hatua kubwa kuliko kemikali nyingi zinazotangazwa.

KoroshoGhafi

Sasa umejibu. Na vile vioo vya elfu themanini vya Kariakoo?

FundiWaChikongola

Vingi vya bei ya chini si OLED, ni LCD imewekwa kwenye fremu ya OLED. Ingia chumba chenye giza, fungua picha nyeusi tupu, pandisha mwanga hadi mwisho. OLED inapotea, huoni kama imewaka. LCD inabaki na ukijivu. Fanya hivyo kabla hujatoa hela.

LindiMitema

Wakuu, mimi simu ilianguka, ikapasuka kona, OLED. Mwanzo kulikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya mtama, sasa limekula robo ya kioo. Naishi karibu na bahari. Kuna namna ya kulitibu?

BintiMikindani

Pole kaka. Hilo linahusiana na yale yote juu. Metali na tabaka linaloingiza elektroni vizuri ndivyo vinavyoliwa kirahisi na unyevu. Vioo hivi vinafungwa ili mvuke unaopenya usizidi kiasi cha sehemu moja ya milioni ya gramu kwa mita ya mraba kwa siku. Ufa mmoja umefungua mlango. Unyevu unaingia, mpaka wa kathodi unaoza, elektroni haziingii tena hapo, panakuwa peusi. Kemikali ya mwanga inaweza kuwa bado nzima chini yake, ila hailishwi.

FundiWaChikongola

Kaka wa Lindi, halirudi. Toa data zako leo, picha, namba, hela za kwenye simu, kabla doa halijafika sehemu ya kuandikia namba ya siri. Ufa ufunike na selotepu safi, utachelewesha kidogo, hutazuia. Kioo kipya ukinunua, fundi akikuwekea asikubane kona kwa nguvu wala asipashe joto kupita kiasi wakati wa gundi, maana ufa wa pembeni usioonekana kwa macho unaanza safari ileile.

LindiMitema

Nimeelewa. Nanakili namba sasa hivi.